Umeme wa Ng'ambo ya Mto

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na moja Juni, asubuhi ya mvua, pale marehemu Setsuyo alipofungua kinywa akasema kwa sauti ya mwanamume.

"Haaaya... kinaaanasa?"

Mzee Katsuzo, mumewe, alikuwa amepiga magoti mbele ya kinasa sauti, kipande cha pamba mkononi. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akabonyeza kitufe. Magurudumu mawili yakasimama, utepe ukalegea katikati yake. Akabaki anaitazama ile mishale miwili ya kupimia sauti nyuma ya kioo kama mtu anayemtazama daktari usoni kabla hajasema.

Aliurudisha utepe nyuma kidogo. Akageuza kichwa ili sikio la kulia lielekee spika, maana la kushoto lililiwa na mashine za kiwandani, na wakubwa wa kiwanda walileta vizibo vya masikio wakati sikio limeshazikwa. Akabonyeza tena.

"Haaaya..."

Huyu si Setsuyo. Setsuyo alikuwa na sauti nyembamba yenye mbio, sauti ya mwanamke anayesimulia habari za jirani huku chungu kinafurika. Huyu alikuwa mzito, amechoka, anayavuta maneno mojamoja kama ndoo kutoka kisimani. Na nyuma yake mtoto alikuwa analia kwa sauti ya ndama.

Katsuzo alizima, akapitisha pamba kwenye kichuma cha kusomea. Ikatoka na vumbi la rangi ya kutu. Hilo lilimtisha kuliko ile sauti. Utepe ulikuwa wa zamani, wa wakati Misuzu, mtoto wao wa pekee, yuko mgongoni, na sasa ulikuwa umeanza kuoza. Kila ulipopita kwenye kichuma ulijiacha hapo kidogo. Kusikiliza ndiko kulikuwa kunaumaliza. Na hakukuwa na mwingine. Setsuyo alikuwa mtu wa kukimbia kamera, wa kumpa mwenzake simu aseme yeye. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa imezungushwa kwenye gurudumu moja la plastiki.

Mwezi uliofuata ilikuwa dua ya mwaka wa tatu. Katsuzo alikuwa ameshamwahidi Misuzu, mbele ya mtawa, kwamba siku hiyo atamsikia mama yake.

Akasimama. Akaketi. Akasimama tena.

*

Chumba alichokuwamo hakikuwa chake. Kilikuwa chumba cha ukubwa wa mikeka sita katika fleti ya Misuzu, ghorofa ya tatu, mjini Kawaguchi, kaskazini ya Tokyo. Nyumba yake yeye ilikuwa upande wa Osaka, kwenye kichochoro nyuma ya viwanda, nayo haikuwapo tena. Wakubwa walitaka barabara pana. Walichora kwa rula, na rula haina jicho. Kalamu ilipita juu ya jiko la Setsuyo wala haikukwama. Alikuja kijana mwenye tai kuwaeleza wenyeji kwamba barabara ni kwa usalama wao, moto ukitokea magari ya zimamoto yapate njia. Katsuzo alimuuliza moto utaunguza nini kama nyumba zimeshabomolewa. Kijana akainama kwa heshima, kama walivyofundishwa kuinama, akahamia mlango wa pili.

Basi masanduku yake yalipangwa ukutani toka masika, hayajafunguliwa. Vilivyofunguliwa ni mashine tu: amplifaya za taa za kioo, gramafoni, redio zenye uso wa mbao. Hakuwa fundi wa kulipwa. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano, akapakiwa kwenye treni na watoto wenzake wa kaskazini kupelekwa viwandani, na maisha yake yote yalikuwa ya kubonyeza bati likawa bakuli. Lakini jioni, baada ya kuoga, alikuwa akifungua kitu kilichonyamaza na kukitafutia sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake, na ulevi wake, na mahali pake pa kukimbilia.

"Baba," Misuzu alikuwa amemuuliza mwezi Mei, amesimama mlangoni na mkoba wa kazini begani, "masanduku haya utayafungua lini?"

"Yana haraka gani? Hayali."

"Nataka kujua kama unakaa au unapita."

Mtu asiyetaka kujibu hakosi skrubu ya kukaza. Katsuzo aliipata yake, akaikaza mpaka Misuzu akavaa viatu, akaondoka.

*

Kila anayehama kutoka upande wa Osaka kwenda upande wa Tokyo na mashine za kale anajua kazi ya kwanza ya kufanya. Nchi ni moja, umeme ni wa aina mbili. Wa mashariki hupiga mapigo hamsini kwa sekunde, wa magharibi sitini, na mpaka ni pale kwenye mto Fuji. Vyombo vya siku hizi havijali. Lakini mota ya kale huzunguka kwa kufuata mapigo ya umeme kama mchezaji anavyofuata ngoma, kwa hiyo magharibi hukimbia na mashariki hujikokota. Ili mashine isipotee, unabadilisha puli, kile kigurudumu cha shaba kilichovikwa kwenye mota. Puli ya hamsini ni nene, puli ya sitini ni nyembamba, basi.

Katsuzo alikuwa na maelezo yake kuhusu chanzo cha upuuzi huu. Zaidi ya miaka mia iliyopita wakubwa wa Tokyo walinunua mitambo kwa Wajerumani, wakubwa wa Osaka wakanunua kwa Wamarekani, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. "Wakubwa hulewa," alipenda kusema, "wadogo tukatapika."

Alipofika Kawaguchi, wiki ya kwanza, alibadilisha puli zote, mashine moja baada ya nyingine. Kinasa sauti cha Setsuyo alikifungua mwisho. Tena kilikuwa hakijafunguliwa hata siku moja, kwa sababu mwenyewe alikataza. Setsuyo ndiye aliyekinunua, kimetumika tayari, akakipokea mlangoni kama mtoto wa kulea. "Vyako fungua mpaka vilie," alisema. "Hiki kinafanya kazi. Kinachofanya kazi hakifunguliwi." Katsuzo alitii. Akawa anakipangusa kwa mbele tu, kama mtu anayemnawisha mgeni uso.

Sasa aliondoa bati la nyuma akiwa ameomba radhi kwanza, akamulika kwa tochi. Kwenye puli kulikuwa na namba imepigwa chapa: 50.

Akacheka peke yake. Puli ya Tokyo, ndani ya Tokyo! Kumbe mara moja moja bahati nayo hupotea njia ikaingia kwa maskini. Akarudisha bati, akakaza skrubu, na utepe hakuuvika mpaka ile Jumatano ya Juni.

Kitu kikiwa sawa, nani huuliza kimekuwa sawa tangu lini?

*

Baada ya ile Jumatano hakukalika. Katsuzo alibadilisha mpira wa kusukumia utepe. Akatia mota mafuta. Akatoa kapasita za zamani, akalehemu mpya. Supu aliyowekewa na Misuzu ilipoa, ikatiwa moto, ikapoa tena. Alikula amesimama. Usingizini miguu ilikuwa inatembea.

Siku ya nne akaja Dobashi.

Dobashi alikuwa kondakta wa treni mstaafu, mnene, mwenye masikio makubwa ambayo aliyasifu mwenyewe. Walijuana siku ya kutupa vyombo vikubwa, ile siku watu hushusha makabati na friji zao kando ya barabara zichukuliwe. Kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa amplifaya ileile, na hakuna aliyekubali kuachia mpaka mvua ikaanza. Wakaibeba pamoja. Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza, na amplifaya walikuwa wanalala nayo kwa zamu.

"Nionyeshe mgonjwa," alisema Dobashi, akivua viatu kwa kuhema. Alikuwa amebeba utepe wa muziki uliotengenezwa kiwandani, bado uko kwenye sanduku lake. "Huu haujui kudanganya."

Wakauweka. Fidla zikatoka safi, kila moja mahali pake, hakuna kusita wala kukokota. Dobashi alifumba macho. Katsuzo aliukunja uso.

"Mashine yako nzima kabisa, bwana wee," Dobashi akasema. "Anayeumwa ni mkeo."

"Chunga mdomo."

"Nasema ninachosikia. Labda siku ile alikuwa na mafua."

"Nimeishi na mafua yake miaka arobaini! Alikuwa akipata mafua sauti inapanda juu, kama filimbi. Haishuki."

"Basi." Dobashi alijikuna kisogo. Hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki, mtu aliyeendeshwa na treni maisha yote. "Basi labda ndivyo alivyokuwa, mzee mwenzangu. Sikio moja unalo, na lenyewe la uzeeni. Labda umemsahau."

Katsuzo alizima mashine. Aliinuka akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Chini uani mwanamke alikuwa anaanua nguo mbiombio. Neno lile lilikuwa limeingia, na lilipoingia lilikuta nafasi.

Dobashi alijua amekosea. Kwa kutubu akasema, "Leta huo utepe tuutibu. Unatoa kutu kwa sababu umenyonya unyevu. Mke wangu ana kikaushio cha magodoro."

Wakauweka utepe ndani ya boksi la machenza, wakatoboa tundu, wakaingiza mdomo wa kile kikaushio ambacho watu huchomeka chini ya godoro kufukuza unyevu wa Juni. Kikapuliza hewa ya uvuguvugu siku mbili mfululizo, sebuleni kwa Dobashi. Mama Dobashi, mkewe, akazunguka boksi kama paka.

"Magodoro yananuka kuvu, nyinyi mnakausha nini humo, samaki?"

"Tunamkausha mke wa Mzee Katsuzo," Dobashi akajibu.

Mama Dobashi akaacha kuzunguka. Kisha akaleta kitambaa, akafunika boksi vizuri ili joto lisitoke.

Utepe uliokaushwa hivyo hupata nguvu, lakini ni nguvu ya mgonjwa aliyenyweshwa uji. Unapita vizuri mara chache, kisha unarudia kuoza. Wote wawili walijua.

*

Sauti haikubadilika. Kutu ilikoma, ila Setsuyo alibaki mwanamume.

"Baba, simu tu inaweza," Misuzu alisema Jumapili, akimenya tangawizi. "Unanasa, unavuta kwa kidole, inakwenda kasi. Dakika moja."

"Kasi kiasi gani?"

"Mpaka isikike kama Mama."

"Na Mama alisikikaje? Nani anajua? Mimi?" Alikuwa amesimama na bakuli la tambi baridi mkononi. "Mimi si nimeshaambiwa nimesahau?"

Misuzu aliacha kumenya. "Hata mimi," akasema taratibu, "siku hizi nikijaribu kumsikia kichwani, naisikia sauti yangu."

Katsuzo alimtazama. Kwa muda wote huo hakuwahi kufikiri kwamba na huyu naye alikuwa anatafuta kitu kilekile. Alitaka kusema neno. Akachovya tambi badala yake.

Redio iliyokuwa juu ya friji, moja ya zile za uso wa mbao, ikafika saa sita mchana. Ikatoa mlio wa saa wa taifa, ule ambao kila mtu nchini amezaliwa akiusikia: pi, pi, pi, kisha mmoja mrefu, piiin.

Vijiti vya kulia vikamtoka Katsuzo mkononi.

"Baba?"

"Ule upo! Ule upo kule ndani!" Alishaingia chumbani. Misuzu alimfuata na kisu. "Siku ile redio ilikuwa inalia jikoni. Mama yako anazungumza, redio nyuma yake, saa sita inagonga. Nyamaza, usikilize. Tazama saa ya ukutani, mshale mwembamba."

Akauzungusha utepe, akatafuta, akapata. Chini ya maneno mazito ya Setsuyo, mbali, mlio ulikuwapo. Piii. Piii. Piii. Mshale wa sekunde ulikuwa unatangulia, unaruka kabla, na mlio unafuata nyuma ukichechemea.

Katsuzo alizima. Akakaa chini kwa kishindo.

"Mama yako anaweza kupata mafua," akasema. "Saa ya taifa haipati mafua."

"Maana yake nini?"

"Maana yake utepe wote unakwenda polepole. Si yeye. Si mimi." Alikuwa anafungua skrubu za nyuma huku anasema, bisibisi inamponyoka. "Tazama hapa. Soma."

"Hamsini."

"Hamsini. Mashine hii mama yako aliinunua kwa mjane wa bwana mmoja aliyehamishwa kikazi kutoka Tokyo. Ilikuja na puli ya Tokyo. Sisi tukaichomeka kwenye umeme wa kwetu, wenye mbio, ikawa inakimbia. Inanasa mbio, inasoma mbio. Makosa mawili yakaoana, sisi tukasikia sawa. Utepe wa kiwandani hatukuwa nao hata mmoja, tungejuaje? Na kufungua nilikatazwa."

"Na huku?"

"Huku puli ya Tokyo imekuta umeme wa Tokyo. Mashine imepona." Akaigusa ile shaba kwa ncha ya kidole. "Miaka yote ilikuwa mbovu, mama yako alikuwa mzima. Leo imepona, mama yako kaugua."

Misuzu aliinama akaitazama puli kwa muda. "Sasa kama unajua tofauti ni hamsini na sitini," akasema, "simu itafanya hesabu kamili."

"Itafanya."

"Basi..."

"Sitaki ihesabiwe. Ile mashine ilikuwa inakosea pamoja na sisi. Nataka ikosee tena." Akajisikia mjinga. Kisha hasira ikamsaidia, kama kawaida yake. "Nyumba wamechukua. Jiko wamechukua. Hata umeme wa ukutani walinibadilishia bila kuniuliza. Na sauti yake nayo niipate kwa kuvuta kidole?"

Mvua ilikuwa imeacha. Misuzu alikiweka kisu juu ya sanduku mojawapo, lile lililoandikwa *jikoni* kwa mkono wa mama yake.

"Umeme wa sitini unaanzia wapi?" akauliza.

*

Dobashi alijua. "Ng'ambo ya mto Fuji, ukisogea kidogo mbele. Nimepapita miaka thelathini, sijawahi kushuka." Alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo la Misuzu, amekipakata kinasa sauti kama mtoto mwenye homa, na pembeni yake kinasa kidogo cha siku hizi, cha kuhifadhia nakala ya sauti. "Misuzu, mwanangu, hiyo kona polepole. Ninabeba chuma huku, si pamba."

"Ulisema una nguvu, Mzee Dobashi."

"Nilisema nilikuwa nazo."

Katsuzo mbele hakutulia. Alifungua dirisha, akalifunga. Alishika mkanda wa kiti, akauachia. Utepe ulikuwa mapajani mwake, umefungwa kwa kitambaa cha kubebea chakula. Mlima Fuji ulikuwa ndani ya mawingu, hauonekani. Walipokuwa juu ya daraja alichungulia mto: mawe mengi meupe, maji machache. Huo ndio wakubwa walioufanya ukuta. Akamtemea mate moyoni kila mmoja wao, kwa majina ambayo hakuyajua.

Mwishoni mwa utepe palikuwa na mahali ambapo hakupenda kufika. Tangu Setsuyo afe, alikuwa anabonyeza kitufe kabla; kidole kilipajua mahali hapo kuliko kichwa. Leo pia angebonyeza. Alikuwa ameshaamua, na hakumwambia mtu.

Walipita mji mmoja, wakapita wa pili, kwa hakika zaidi. Duka la mikunga, wale samaki kama nyoka, lilikuwa limefungwa. Duka la chai, mwenyewe hakuelewa wanachotaka, akaogopa. Ndipo Misuzu akaona nguzo ya kinyozi, ile yenye mistari ya rangi inayozunguka bila kufika popote.

Kinyozi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, hana mteja. Aliwatazama watatu na chuma chao.

"Mnataka umeme? Kwani kwenu haupo?"

"Upo," Katsuzo akasema, "lakini si huu."

"Mzee, umeme ni umeme."

"Ndivyo wanavyodhani wakubwa."

Kinyozi akacheka. Misuzu akaeleza, kwa maneno machache na kichwa kimeinama, habari ya mama na utepe. Kinyozi aliacha kucheka, akasogeza chupa za mafuta mezani kupisha nafasi. Kisha akamtazama Katsuzo kidevuni.

"Sharti moja. Hapa ni kwa kinyozi, watu wakichungulia waone ninanyoa. Na wewe, mzee, ndevu hizo zimeota kwa muda gani?"

"Mimi siketi. Nina kazi ya kuangalia mashine."

"Mashine nitaiangalia mimi," Dobashi akasema haraka. "Keti, bwana wee! Wiki mbili hujaketi. Ungekuwa treni ungeshaacha reli."

Wakamkalisha. Kiti kikalala nyuma kidogo, taulo la moto likamfunika, povu likapakwa mpaka chini ya masikio. Kwenye kioo Katsuzo aliwaona wote: Dobashi anavika utepe kwa vidole vinene vyenye adabu, Misuzu amesimama nyuma ya kiti, mikono ameikunja. Kinyozi aliupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi mara mbili, akauweka kooni kwake, baridi.

"Usitikisike, mzee."

Plagi ikaingia ukutani. Mota ikaguna, ikashika mwendo, na hata kabla ya neno lolote Katsuzo aliujua ule mwendo. Ulikuwa mwendo wa nyumbani, wa haraka haraka, wenye makosa.

"Haya, kinanasa? Kinanasa kweli au unanichezea? Tazama mshale ule, unaruka kama panzi! Misuzu, nyamaza mwanangu, mama anazungumza na chuma."

Na mtoto akalia, mtoto wa kweli, sauti ya mtoto, hasira nyembamba ya mtu ambaye hajapata chochote duniani na anataka vyote. Kwenye kioo Misuzu alifunika mdomo. Akacheka kwanza. Halafu hakuwa anacheka.

Setsuyo aliendelea, mbio, kama chungu kinafurika. Alisimulia paka wa jirani aliyeiba kichwa cha samaki na jirani aliyemshtaki paka mwingine. Alisifu figili zake alizozitia chumvi. Saa sita ikagonga nyuma yake, pi, pi, pi, piiin, kila pigo mahali pake. Kinyozi alinyoa shavu la kulia, akanyoa la kushoto, polepole mno, wembe haukutoa sauti. Machozi ya Katsuzo yaliteremka kando, yakaingia kwenye lile sikio lililokufa.

Kisha akasikia kiti kikiburutwa, kule ndani, jikoni ambako sasa yanapita magari. Alijua ni wapi walipofika. Kidole chake kilijikunja chini ya kitambaa cheupe.

"Dobashi," alisema bila kufungua meno. "Zima."

"Usitikisike," kinyozi akasema.

"Zima hapo."

Dobashi alinyoosha mkono. Misuzu aliushika. "Acha iende, Mzee Dobashi," akasema, akimtazama baba yake kiooni. "Tafadhali. Acha iende."

Magurudumu yakazunguka. Setsuyo alikuwa amesogea karibu na kipaza sauti. Pumzi yake ilisikika.

"Baba Misuzu. Acha kutazama mishale, nitazame mimi. Nataka kukuuliza kitu, na unijibu humu humu ili siku moja nikushike uongo." Kicheko kifupi. "Wewe ni mtu wa kaskazini, mimi ni mtu wa hapa. Hivi tukizeeka, sisi tutakaa wapi?"

Ukimya. Ndani ya ukimya ule mwanamume mmoja kijana alikuwa anakaza skrubu. Ilisikika vizuri sana, kri, kri.

Kinyozi aliinua wembe kutoka kooni mwa mteja wake, akausimamisha hewani ili mtu aweze kusema. Dobashi alitazama sakafu. Misuzu hakuondoa macho kiooni. Kidevu cha Katsuzo kilikuwa na povu bado, na povu lilikuwa linapasuka vipovu vyake kimoja kimoja, taratibu, na mishale miwili nyuma ya kioo ilikuwa imelala chini, inangoja.

Kisha ikaruka.

"Mbona kimya? Nimekuuliza wewe. Tutakaa wapi?"